Mtoto Aliyeambiwa Asubiri Korona Iishe

Basi lilikuwa limesimama Nangurukuru. Wengi walishuka kutafuta chakula, tukabaki wachache ndani na joto letu. Kiti cha mbele yangu alikaa dada mmoja na mwanawe wa kiume, miaka sita au saba hivi, nywele zimepukutika zote, barakoa imepanda hadi chini ya macho. Mzee wa kiti cha ng'ambo alimtazama mtoto kwa kitambo, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mfungue mtoto apate hewa. Korona si ilishakwisha?"

"Si ya korona hii, baba," dada akajibu. "Namkinga yeye na sisi."

Mzee aliona haya. Akapapasa mfuko wake, akatoa chungwa, akampa mtoto. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalitia kwenye mkoba na kufunga zipu. Baadaye aliniambia kwamba mtoto hali tunda la njiani mpaka lioshwe vizuri kwa maji safi, kwa sababu dawa za saratani anazotundikiwa zinashusha kinga ya mwili, na tumbo likichafuka kidogo tu wanarudishwa wodini.

Walikuwa wanakwenda Dar es Salaam kwa mzunguko mwingine wa dawa. Tulizungumza mpaka Daraja la Mkapa. Nilimuuliza aliwezaje kuuwahi ugonjwa, maana huku kwetu kusini mtoto akivimba shavu safari huanzia kwa mng'oa meno, ikapitia kwa mganga wa kienyeji, ikamaliza miezi kabla haijafika hospitali.

Akasema shavu lile alikuwa ameshaliona.

Aliliona 2020, kwa mtoto wa jirani yake kule Newala. Shavu lilelile, meno yakilegea vilevile. Barua ya rufaa iliandikwa. Ukoo ukakaa, ukaamua: tusubiri kwanza korona iishe.

Mtoto yule hakuwahi kupanda basi.

Barabara ilikuwa wazi

Nimelala na kuamka na habari hii kwa wiki kadhaa, na kinachonisumbua zaidi ni kwamba sisi hatukufungiwa.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Shule zikafungwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku, lakini mabasi ya mikoani yaliendelea kutembea na masoko yakaendelea kuuza. Mpaka leo mtu akitaja mwaka ule wa nyungu na malimao, atakuwapo mwingine wa kusema: heri sisi tuliachwa tutembee. Nami naona kuna ukweli mkubwa ndani yake. Nchi ya watu wanaokula walichopata leo haifungiki kirahisi.

Basi kwa nini mtoto yule hakusafiri?

Nilitaka sababu moja. Dada alinipa nyingi, bila kuzipanga. Mjomba aliyekuwa atoe nauli na fedha ya kujikimu mjini alifanya kazi hotelini Zanzibar. Aprili mwaka ule ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, wageni wakaisha, hoteli ikafunga, mjomba akarudi nyumbani na begi lake. Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa maana ya mjomba kukwama: ukoo hufuata upande wa mama, na mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Halafu bibi alikuwa amesikia redioni kwamba hospitali kubwa ndiko wanakolazwa wenye changamoto ya upumuaji. Halafu mama alikuwa ananyonyesha, na wakaambiwa mlinzi wa mgonjwa ni mmoja tu, hakuna kupokezana. Halafu barua ya rufaa haikuwa na tarehe ya mwisho. Haikusema "leo".

Hakuna polisi aliyewarudisha, wala geti lililofungwa mbele yao. Barabara ya kutoka Newala hadi Mbagala ilikuwa wazi muda wote ule.

Ugonjwa usiojua kungoja

Uvimbe wa taya wa namna ile mara nyingi ni saratani inayoitwa Burkitt, kwa jina la daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wengi wenye mataya yaliyovimba pale hospitali ya Mulago, Kampala. Ni saratani ya ukanda wetu hasa. Huonekana zaidi palepale malaria inapokaa mwaka mzima, na kirusi kiitwacho Epstein-Barr kina mkono wake humo.

Chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Katika saratani za binadamu ni vigumu kupata nyingine inayokimbia hivyo. Na kwa sababu hiyohiyo dawa huikuta uchi: mtoto aliyefika mapema, akapata dawa ambazo si za kifahari wala si mpya, ana nafasi nzuri ya kupona kabisa. Nimeshaona shavu likinywea ndani ya wiki. Mtu aliyeona jambo hilo kwa macho yake hawezi tena kusikia neno "tusubiri" likapita hivihivi.

Ukoo ule ulidhani unaahirisha safari ya mwezi mmoja au miwili. Kwa ugonjwa mwingine wangekuwa sahihi.

Majirani waliofungiwa

Kwa wenzetu ilikuwa vingine. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma Machi 25, 2020, na siku chache baadaye magari binafsi nayo yakazuiwa. Bodaboda haikuruhusiwa kubeba abiria. Aliyekuwa na mgonjwa alihitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko palepale Mulago, na watoto huletwa hapo kutoka kila pembe ya nchi, wengine kutoka nje ya mipaka. Mfikirie mama wa Karamoja anayetafuta kwanza ofisi ya kuomba kibali, kisha gari la kutumia kibali hicho.

Kenya iliweka kafyu Machi 27. Aprili 6 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi. Siku mbili baadaye zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale. Kwa maandishi, mgonjwa aliruhusiwa. Lakini matatu iliyopakia nusu ya abiria ilipandisha nauli, na mgonjwa aliyeruhusiwa bado alipaswa kuilipa.

Siwahukumu waliotoa amri zile. Walikuwa wanatazama picha za Italia huku wakihesabu vitanda vya wagonjwa mahututi walivyonavyo, ambavyo havikujaza hata ukumbi mmoja wa harusi. Waliamua kwa siku chache jambo ambalo sisi tunalijadili kwa miaka.

Ninachojiuliza ni kama katika vyumba vile kuna aliyesema: tunao watoto walio katikati ya dozi.

Saratani ya damu kwa mtoto mara nyingi hutibiwa kwa miaka miwili, wakati mwingine mitatu. Mzunguko mmoja ukiruka, chembe zilizokuwa zimebanwa hupata nafasi ya kuzoea dawa. Mtoto anayechelewa kwa wiki tatu kwa sababu ya kibali anaporudi hakuti ugonjwa umesimama pale alipouacha.

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Uganda walifunga, watoto wakakosa tiba. Sisi hatukufunga, na mtoto wa Newala akakosa tiba. Ikiwa matokeo yanakutana, huenda kizuizi cha barabarani si jambo kubwa kama tunavyodhani. Huenda safari ile ilikuwa imeshikwa na uzi mwembamba tangu zamani, na chochote kingeukata: amri, uvumi, mjomba kupoteza kazi.

Kitanda kitupu

Katikati ya 2020 watafiti waliwauliza wahudumu wa saratani za watoto kutoka hospitali 213 katika nchi 79 hali ikoje. Asilimia 43 ya hospitali zilisema wagonjwa wapya wamepungua kuliko kawaida. Asilimia 34 zilisema watoto wanaoacha tiba njiani wameongezeka. Chache, asilimia 7, zilifunga kabisa huduma ya saratani za watoto kwa muda.

Hiyo ya wagonjwa wapya ndiyo niliyokaa nayo. Saratani ya mtoto haitokani na moshi wa kiwandani uliopungua wala pombe iliyofungiwa. Haina sababu ya kupumzika kwa miezi mitatu. Watoto waliougua mwaka 2020 walikuwa wengi kama wa mwaka 2019. Kilichopungua ni waliofika. Wodi yenye vitanda vitupu ilikuwa inatuambia kwamba kuna watoto waliolazwa kwenye mikeka ya nyumbani, tumbo limejaa figo iliyovimba, au jicho linang'aa nyeupe kila taa ikiwashwa, na wazazi wanasema: tuone kwanza.

Nani aliwahesabu? Wa korona walihesabiwa, angalau kwa nchi zilizotoa hesabu. Kwetu takwimu zilikoma mwishoni mwa Aprili na hazikutoka tena kwa takriban mwaka mzima. Mtoto wa Newala hakufa kwa korona, kwa hiyo hayumo humo. Hakupimwa saratani kwa hadubini, kwa hiyo hayumo kwenye daftari la saratani. Alizikwa akiwa hana ugonjwa wenye jina.

Na hata kabla ya korona hesabu ilikuwa mbaya. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Ndiyo sababu mwaka 2018 likaweka lengo la kufika angalau 60 duniani kote ifikapo 2030. Mtu anaweza kuniambia: usiitwishe korona kila kitu, mtoto yule pengine angekufa hata 2018. Nimelifikiria hilo kwa uzito. Pengine ni kweli. Lakini barua ya rufaa ilikuwa imeshaandikwa, na hilo silo jambo dogo: kuna mganga wa zahanati aliyelitazama shavu akajua si jino. Njia ngumu kuliko zote walikuwa wamekwisha kuipita.

Homa getini

Nesi mmoja, wa hospitali nisiyoitaja, alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Mtoto aliye kwenye dawa za saratani akipata homa, hiyo ni dharura. Chembe nyeupe za damu zimekwisha, na bakteria mdogo anaweza kumuua kabla ya jioni. Kanuni inayofundishwa ni kumchoma antibiotiki ndani ya saa moja tangu afike, kabla hata ya majibu ya maabara.

Sasa fikiria lango la hospitali mwaka 2020. Ndoo ya maji tiririka, sabuni, mlinzi na kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Mtoto anasoma 38.7. Kwa mlinzi, huyo ni mshukiwa: apelekwe kwenye hema, asubiri kipimo. Mama anaeleza kwamba mwanawe ni mgonjwa wa wodi ya saratani, ana kadi, wamwite daktari fulani. Foleni inasukuma nyuma yake. Mlinzi ana amri, na amri ni nzuri, imewekwa kuwalinda watu wote waliomo ndani, wakiwemo watoto wa wodi hiyohiyo.

"Saa moja ikawa nne," nesi aliniambia. Hakuendelea, nami sikumchimba.

Hospitali ile baadaye ilibadilisha utaratibu. Watoto wa saratani walipewa kadi ya rangi yao na namba ya simu ya wodi, mlinzi akaelekezwa: ukiona kadi hii, piga, usiulize. Kipande cha karatasi ngumu. Naamini kiliokoa watoto ambao hawatajua kamwe kwamba kiliwaokoa.

Damu ya wanafunzi

Wengi tunajua, lakini tunasahau, kwamba damu kwenye benki zetu hutoka kwa sehemu kubwa kwa vijana wa sekondari na vyuo. Timu inakwenda shuleni, foleni inapangwa uwanjani, soda na biskuti zinagawiwa. Shule zikifungwa, benki ya damu inakauka.

Mtoto wa saratani ya damu huishi kwa kuongezewa damu na chembe sahani. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazikai. Siku tano tu zimeharibika. Huwezi kuziweka akiba ya msimu. Katika uchunguzi uleule wa hospitali 213, asilimia 60 zilisema damu na mazao yake vilipungua. Wodi zikarudi kwenye njia ya zamani: ndugu waje watoe. Ndugu gani, wakati mlinzi wa mgonjwa ni mmoja na ukoo uko kilomita mia tano?

Wanafunzi wetu wengi walirudi madarasani mwishoni mwa Juni. Wa Kenya walikaa nyumbani, wengi wao mpaka Januari 2021. Mjadala wote ulikuwa juu ya masomo na mitihani. Sikumbuki kusikia hata siku moja mtu akitaja damu.

Kirusi chenyewe

Ningekuwa mwongo nikisema hofu ya bibi wa Newala ilikuwa ujinga. Haikuwa hivyo.

Hospitali ya St. Jude ya Marekani, pamoja na chama cha kimataifa cha madaktari wa saratani za watoto, walikusanya habari za watoto 1,500 wenye saratani walioambukizwa korona katika nchi 45. Karibu mmoja kati ya watano aliugua vikali. Takriban 4 kati ya 100 walifariki kwa korona yenyewe. Kwa watoto wengi wa kawaida kirusi kile kilikuwa kama mafua tu. Na watoto wa nchi za kipato cha chini na cha kati-chini ndio walioumia zaidi.

Kwa hiyo mama aliyekuwa na mtoto kwenye tiba alisimama katikati ya vitisho viwili vya kweli. Akimpandisha basi lililojaa, lisilo na barakoa hata moja, anaweza kumuua. Akimwacha nyumbani, anaweza kumuua. Madaktari nao walikuwa palepale: punguza dozi ili asilazwe? Ahirisha upasuaji? Peleka dawa kwa ndugu stendi? Waliamua usiku, kwa simu, bila kitabu cha kuwaongoza.

Baada ya kusoma hayo niliacha kuutafutia ukoo ule hatia. Walipima. Walipima kwa taarifa walizokuwa nazo, na hakuna aliyewaambia kwamba ugonjwa wa upande wa pili wa mizani unakimbia kuliko korona.

Nauli ni dawa

Kabla ya janga tulikuwa tumeanza kujua kinachosaidia. Malawi, Ghana, Kameruni, Uganda na Ethiopia hospitali kadhaa ziliungana kutibu saratani ya figo ya watoto kwa utaratibu mmoja, na pamoja na dawa zikaweka fedha za kuwasaidia wazazi kumaliza tiba, nauli ikiwemo. Walioacha tiba njiani wakashuka kutoka asilimia 23 hadi 12. Hapakuwa na dawa mpya hapo. Muhimbili nako, kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, watoto hutibiwa bila malipo na familia za mbali hupata pa kulala. Bila hivyo, dada wa Nangurukuru asingekuwa ndani ya basi lile.

Ninalotaka kusema ni hili. Kwa mtoto wa mkoani, tiba ya saratani inaanzia kwenye mfuko wa mjomba, inapita kwa konda, kwa mlinzi wa getini, kwa mwanafunzi aliyenyoosha mkono kutoa damu, na dripu inakuja mwisho kabisa. Janga halikuhitaji kuigusa dripu.

Kabla ya jingine

Na haya hayajapita. Machi 2023 Kagera walipata Marburg, ndugu wa Ebola, ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kuutarajia Bukoba Vijijini. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Kagera ni mkoa ambao watoto wake wenye saratani hupelekwa Bugando, Mwanza. Kila mara ninaposikia mkoa umewekewa ukaguzi wa joto barabarani, nawaza ni watoto wangapi wana tarehe ya dawa wiki hiyo, na ni nani mwenye orodha yao.

Wenye tarehe wanaweza kupigiwa simu. Hilo linawezekana, na baadhi ya wodi zililifanya mwaka 2020, manesi wakitumia vocha zao wenyewe. Wanaoniumiza zaidi ni wale ambao hawajaandikwa popote, kama mtoto yule. Hao simu haiwafikii, kwa kuwa hakuna namba.

Lakini gari la matangazo liliwafikia. Mwaka ule lilipita hadi vijiji ambavyo ambulensi haijawahi kuingia, kipaza sauti juu, likisema nawa mikono, kaa mbali na mwenzako. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye alipita nyumba kwa nyumba na bango lake. Tangazo lilikuwa na nafasi ya sentensi mbili zaidi. Naziandika hapa ili siku janga lingine litakapotangazwa, mwenye kipaza sauti azichukue kama zilivyo:

"Mtoto mwenye uvimbe wa shavu au tumbo, mtoto ambaye mboni ya jicho lake inang'aa nyeupe, mtoto aliyeishiwa damu na ana michubuko isiyo na sababu, apelekwe hospitali leo. Huyu ameruhusiwa kusafiri, na asiye na nauli aende kwa mtendaji wa kijiji."